Plasta Yenye Tarehe ya Leo

Siku ile ilianza kama siku zote. Shangazi yetu, muuguzi, alinawa mikono saa mbili asubuhi, akasukuma kigari cha dawa kati ya vitanda na kuanza kugombana na wagonjwa. Hospitali yenyewe ilikuwa ghala la mbolea lililofagiliwa tu. Vita vilikuwa vimewasukumia huko siku sita kabla ya hapo. Shangazi alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: ukifunga kidonda, andika juu ya plasta tarehe, saa na jina lako. Ukizubaa karibu naye, alikuwa anaweza kukubandika hata wewe mzima.

"Mjomba, lete goti," alimwambia fundi cherehani mmoja mzee aliyepigwa risasi mguuni.

"Goti limeshafungwa, mwanangu. Kushona hamjui nyie, ila kufunga mnajitahidi."

Shangazi akafunua shuka huku akicheka. Bandeji ilikuwa mpya, nyeupe pee. Juu ya plasta paliandikwa tarehe ya leo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na penye jina palichorwa duara lenye nukta katikati.

Duara lile lilikuwa la mtu mmoja tu duniani: Kidoti, shoga yake tangu chuo cha uuguzi. Na Kidoti hakuwa pale.

Kidoti alibaki kwenye shule waliyokuwa wameigeuza hospitali, siku mapigano yaliposogea na amri ya kuhama ikaja. Lori lilipakia watumishi na majeruhi wanaoweza kukaa. Wasioweza kuinuka, watu kumi na mmoja, waliachwa wamelala madarasani. Daktari mkuu alimvuta Shangazi pembeni. "Lori la pili liko njiani, halimalizi saa moja. Mwambie mwenzio abaki nao. Wewe atakusikiliza." Shangazi akamwambia. Kidoti hakuuliza swali hata moja. "Niwekeeni chai," alisema, akarudi ndani na mkasi wake. Tangu hapo kimya, na kila Shangazi alipoulizia lori la pili, daktari mkuu alimjibu kwamba analifuatilia.

"Nani amekufunga, mjomba?" Shangazi alinong'ona.

"Yule dada mwenzako. Mikono yake baridi, we acha tu! Kaniambia nikuulize, lori vipi?"

Shangazi aliacha kigari palepale, akatoka mbiombio hadi uani. Dereva alikuwa anaosha vioo vya lori.

"Kaka, lori la pili liko wapi?"

Dereva alimtazama kama asiyemwelewa. "La pili gani, dada? Si lilipigwa bomu siku mbili kabla hatujahama? Mabaki yake nilimwonyesha daktari mkuu mwenyewe."

Shangazi aligeuka, akaenda moja kwa moja ndani. Daktari mkuu alikuwa kwenye chumba kidogo cha mizani, ndiyo ofisi yake, anapitia orodha ya dawa.

"Ulijua," Shangazi alisema.

Daktari hakuinua kichwa. "Wale watu wasingeweza kuachwa peke yao. Ningemwambia mimi, angenihoji. Ukimwambia wewe, hahoji."

Miaka tisa alikuwa anamwamini mtu huyu. Alikesha naye, alilia naye, alimtetea mbele za watu. Kumbe alikuwa anaazimwa mdomo tu.

"Toa lori tukamchukue."

"Barabara imefungwa."

"Anakuja hapa. Anafunga vidonda. Anauliza."

Daktari alicheka. Kisha akautazama mkono wa Shangazi.

Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto palikuwa na plasta. Hakuibandika yeye. Tarehe ya leo. Saa nne na dakika kumi. Akatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi. Duara. Nukta. Wino ulikuwa bado mbichi.

Aliibandua taratibu. Chini yake palikuwa na mishono. Safi, imekazwa vizuri, kwenye ngozi isiyokatwa na kitu. Akaihesabu kwa kidole. Kumi na mmoja. Wa kumi na mbili ulikuwa umeanzwa tu, sindano imepita mara moja, uzi unaning'inia.

Daktari alijipapasa mikono yote miwili. Akapandisha mikono ya shati hadi mabegani. Hakuwa na kitu.

"Mimi hajanigusa," alisema, na akashusha pumzi.

Hilo ndilo lililomuumiza Shangazi kuliko yote, na linamuuma hadi leo. Kidoti hamjui aliyeutunga uongo. Anamjua aliyemwambia.

Shule ile ilikuja kufikiwa baada ya miezi mitatu. Vitanda kumi na kimoja vilikutwa vimetandikwa, bila mtu.

Mishono ilitolewa zamani, makovu tumeyaona wote nyumbani. Tundu lile la kumi na mbili ndilo halifungi. Kila asubuhi Shangazi analifunika kwa plasta mpya, tupu, maana siku hizi haandiki tena. Akimaliza chai, tarehe inakuwa imeshaandikwa.