Mwongo wa Kilomita ya Thelathini na Saba

Jua lingewaka siku ile, Gerdien asingemwona kabisa. Lakini mvua ilishuka ghafla juu ya soko la Enschede, mashariki mwa Uholanzi, watu wakakimbilia chini ya turubai la muuza samaki, na mwanaume mmoja mrefu, mwenye suruali ya kubana ya kukimbilia na fulana iliyolowa chapachapa, akamwangushia kipande cha samaki mbichi, na vitunguu vyake, juu ya koti jipya la kijani.

"Samahani sana, dada."

"Samahani haiondoi harufu ya samaki."

"Nipe nikalifue."

"Nikikupa koti, narudi nyumbani na nini?"

"Na mimi."

Watu waliobanana pale wakacheka. Gerdien naye akacheka, na shangazi yake Diny husema hadi leo kwamba kosa lilianzia hapo.

Mwanaume aliitwa Wessel, fundi mitambo wa kiwanda kimoja cha Almelo, mji wa jirani, macho ya kijivu, mikono mikubwa, ulimi mtamu. Maisha yake yalikuwa mbio. Ndoto yake ilikuwa moja tu, kumaliza marathoni ya Enschede chini ya masaa matatu. Si marathoni ya kutangazwa duniani, lakini watu hutoka Groningen na ng'ambo ya mpaka wa Ujerumani kuja kuikimbia, kwa sababu siku hiyo wenyeji hutoa viti na makochi barabarani, na kila mkimbiaji ana jina lake kifuani, chini ya namba, ili watu wamwite.

"Mtu asiyekujua anakuita kwa jina kama mlinyonya ziwa moja," Wessel alimwambia. "Utadhani mji mzima unakupenda."

"Mimi sikutoshi?"

"Wewe ndiye mji wenyewe, kipenzi."

Basi Gerdien akalainika, nani asingelainika? Kufikia vuli Wessel alikuwa amehamia mtaani kwao, nyumba ya tatu kutoka kwa baba yake Gerdien. Simu zikawa haziishi. "Umekula?" "Nimekula. Umekimbia?" "Kumi na nane." "Njoo basi nikukande hiyo miguu." Gerdien mwenyewe ndiye aliyemwandikisha kwenye mbio hizo, kwa barua pepe yake mwenyewe, na pale palipotakiwa jina la kifuani akaandika WESSEL, akatabasamu peke yake.

Mwezi wa pili baba akafariki.

Kwa watu wa Twente, eneo lao lile, jeneza hubebwa na majirani. Ndivyo ilivyo, na jirani anayekwepa huo mzigo ni afadhali ahame. Mzee Harmen, aliyepanga mambo yote ya mtaa, aliteua wanaume sita, na kumpa Wessel nafasi ya mbele kushoto, nafasi ya mtoto wa kiume, kwa kuwa marehemu hakuwa naye.

Ijumaa jioni simu ikalia.

"Kipenzi, mashine imekwama kiwandani. Wamenizuia kesho siku nzima."

"Kesho, Wessel? Kesho tunamzika baba."

"Najua. Nimewabembeleza hadi basi. Nisamehe."

Alimsamehe. Asubuhi ya Jumamosi, pale mbele kushoto palikuwa wazi, Mzee Harmen akitazama huku na huku. Gerdien akasogea yeye, na gauni lake jeusi na viatu vya kisigino, akatia bega lake chini ya baba yake. Kutoka kanisani hadi makaburini, hatua moja moja, mtaa mzima nyuma yao, hakuna aliyesema neno. Bega lilibaki na wekundu wiki mbili.

Wiki ya tatu Shangazi Diny akapiga simu. Diny ni mkimbiaji mkongwe, na matokeo ya mbio huyasoma yote kama wengine wanavyosoma matangazo ya vifo.

"Gerdien, umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa, mwanangu."

Mbio za kisiwa cha Texel, nusu marathoni, Jumamosi ileile. Wessel, dakika themanini na tano, muda wake bora kuliko yote. Na picha ilikuwepo, amenyoosha mikono juu, amecheka meno yote nje. Gerdien akaangalia saa iliyoandikwa chini ya picha. Saa hiyo yeye alikuwa chini ya jeneza.

"Nilishachukua chumba cha hoteli kule," Wessel alijitetea. "Halafu nilidhani wangepata mtu mwingine. Na huzuni ilinizidi, nikahitaji kukimbia ili—"

"Sababu tatu kwa pumzi moja. Chagua moja, nikuchukie kwa hiyo."

Jozi zake nne za viatu vya mbio zilitoka dirishani moja baada ya nyingine, na majirani wakazitazama zikilowa bila kuziokota. Wessel akarudi Almelo. Gerdien alilia siku nne, na kilichomuuma zaidi ni kwamba bado alimpenda, na kwa hilo akamchukia maradufu.

Siku ya tano akafungua kompyuta. Uandikishaji ulikuwa bado kwenye barua pepe yake, na jina la kifuani liliruhusiwa kubadilishwa. Akafuta WESSEL. Akaandika MWONGO. Akabonyeza, akapika viazi na soseji, akala zote.

Siku moja kabla ya mbio, Wessel alipochukua bahasha yake, simu ikaita.

"Gerdien, kuna kosa kwenye namba yangu."

"Hakuna kosa."

"Mji mzima utasoma."

"Mji mzima ndio ninaoutaka."

"Naweza kwenda pale dawatini wanibadilishie."

"Nenda. Waambie wewe si mwongo. Utakuwa umeongeza uongo mwingine."

Simu ikakatwa. Gerdien aliamini kabisa angeikunja ile namba, au aivae mgongoni, au asije kabisa. Mwoga ni mwoga, alijiambia.

Jumapili kulikuwa na jua la Aprili, jua la kuonekana tu, lisilopasha. Majirani wa mtaa wao ndio walioendesha kituo cha maji cha kilomita ya thelathini na saba, wanaume walewale waliobeba jeneza, na Gerdien mezani kwao, amevaa aproni ya bluu juu ya gauni lilelile jeusi. Alikuwa amelipiga pasi makusudi. Diny alikuwa na baiskeli, anafuata mbio na kupiga simu.

"Yuko kilomita ya kumi na mbili. Ameivaa, mwanangu, tena kifuani."

"Unanitania."

"Kuna bibi anampigia sufuria. 'Heya Mwongo! Kaza Mwongo!' Kundi zima la kwenye makochi limemshika, wanaimba."

"Wanacheka?"

"Wanampenda. Wanadhani ni mzaha wake."

Gerdien akauma midomo. Hakuwa amepanga apendwe. "Na yeye?"

"Ameinamisha kichwa. Kila wakimwita anakuwa kama amezabwa kofi."

"Vizuri," alisema Gerdien, na ilikuwa vizuri kweli, tamu hadi kooni. Kilomita ya ishirini na tano Diny akapiga tena. "Yuko mbele ya maputo ya masaa matatu, yale ya mwongoza kasi. Dakika moja na nusu mbele. Akiendelea hivi anaipata ndoto yake, huyu mshenzi."

Akaja. Walimsikia kabla hawajamwona, maana mtaa wa juu ulikuwa ukilipuka, "Mwongo! Mwongo!" Alipokata kona, kituo chao kikanyamaza. Watu waliokuwa wakiwapigia makofi wageni tangu asubuhi wakashusha mikono. Mzee Harmen akakunja yake kifuani. Wessel alikuwa amekonda, chumvi imemkauka mashavuni, na lile neno limelowa jasho juu ya kifua chake. Angeweza kupita. Njia ilikuwa wazi.

Akasimama mbele ya meza.

"Maji?" aliuliza Gerdien, bila kumpa.

"Hakukuwa na mashine," alisema Wessel.

"Sijasikia."

"Hakukuwa na mashine iliyokwama. Nilijiandaa miezi minne kwa Texel, nikataka kukimbia. Nikadanganya."

"Na hoteli? Na huzuni?"

"Uongo. Sikuwa na huzuni. Nilipofika mwisho nilifurahi, Gerdien. Sikumkumbuka mzee hata kidogo mpaka nilipopanda feri."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote, na ndilo alilokuwa akilisubiri. Nyuma ya Wessel, maputo matatu ya manjano yalikata kona na kundi la watu thelathini likihema chini yake. Yeye aliyaona machoni mwa Gerdien, akageuza shingo nusu. Misuli ya mapaja yake ilitetemeka.

"Sema tena," alisema Gerdien. "Sema kwa sauti, Mzee Harmen hasikii vizuri."

Akasema tena, yote, kuanzia mashine hadi feri. Alipokuwa katikati, maputo yakapita nyuma ya mgongo wake, yakateremka barabara, yakazidi kuwa madogo. Gerdien aliyasindikiza kwa macho hadi yakapotea. Kisha akampa glasi ya maji.

"Sasa naweza kwenda?" Wessel aliuliza.

"Kwenda, utakwenda. Kukimbia, hukimbii." Alifungua aproni, akamkabidhi Mzee Harmen. "Baba tulimpeleka kwa mguu, polepole, wewe hukuwepo. Zimebaki kilomita tano. Tembea."

"Zote?"

"Zote."

Akatembea. Gerdien alitembea pembeni yake, gauni jeusi na raba za kituoni, katikati ya barabara, wakimbiaji wakiwapita kulia na kushoto. Mji haukuelewa kitu. "Kimbia, Mwongo! Umebakiza kidogo!" walipiga kelele, wakapiga sufuria, wakampungia vipande vya machungwa. Wessel hakukimbia. Kilomita ya thelathini na nane alianza kulia, bila kujifuta, na Gerdien hakumwonea huruma. Kilomita ya thelathini na tisa alimwonea, akanyamaza nayo.

Kwenye kilomita ya arobaini, bibi mmoja aliinuka kwenye kiti chake cha turubai, blanketi magotini.

"Mwongo, mwanangu, mbona unatembea? Umeumia?"

"Hapana, mama," alisema Wessel. "Namsindikiza baba mkwe wangu."

Bibi akatazama nyuma yao, kisha mbele yao, asione mzee yeyote. Gerdien alihisi damu ikimpanda usoni. Alienda hatua kumi, hatua kumi na tano.

"Hilo la mkwe ni swali, Gerdien," Wessel alinong'ona. "Nimekuuliza."

"Nyamaza," alisema Gerdien. "Msibani watu hawaongei. Utajibiwa tukishamzika."

Wakaendelea kutembea.