Kesho Yetu

Mafundi cherehani wana neno lao, na kila aliyewahi kushonewa nguo analijua. Njoo kesho. Fundi hulitamka akiwa na pini mdomoni, bila kuinua macho, na mteja huondoka akinung'unika huku akijua kabisa kwamba kesho hiyo haimo kwenye kalenda. Fundi ninayemsimulia hapa alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta. Alikuwa akilisema neno hilo mara ishirini kwa siku, na hata siku moja hakulihesabu kuwa ni ahadi.

Kushona alijua, hilo tumpe. Lakini kwa kukopa alikuwa fundi zaidi. Alikopa kwa muuza vitambaa akamlipa mwenye nyumba, akakopa kwenye simu akamlipa muuza vitambaa, kisha akala malipo ya awali ya wateja ili simu isimtumie ujumbe wa matusi. Mkewe alikuwa na mimba changa, mtoto wao wa kwanza baada ya kungoja miaka saba. Badala ya kufurahi, fundi alikuwa anashinda na jicho moja kwenye nguo na jingine barabarani, na akimwona anayemdai, yeye hutimka kupitia uani. Maji yalikuwa yamemfika shingoni na bado alikuwa anacheka na kila mtu.

Ndipo akaja yule bibi ambaye mtaa ulimwita Bibi Polepole, kwa mwendo wake. Alikuwa akipita kila siku mchana na mfuko wake wa turubai, na hakuna aliyejua alikolala. Jumatatu moja, saa nne asubuhi, alisimama barazani pa fundi akasema amesikia ana shida. Akatoa pesa, nyingi kuliko alizotarajia mtu yeyote kuziona kwenye ule mfuko. Hakutaka karatasi wala shahidi.

"Utanipa lini, fundi?"

"Nitakupa kesho, bibi," alisema fundi, kwa mazoea tu.

"Kesho yako?"

Fundi akacheka. "Yangu. Nitatoa ya nani?"

Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu, akaenda zake.

Fundi alilala usiku huo vizuri. Alipoamka akafungua redio, mtangazaji akasema leo ni Jumatano. Alidhani mtu kakosea. Akamwuliza mkewe, na mkewe hakumjibu mpaka alipouliza mara ya tatu.

"Leo ndiyo umekumbuka kuwa una mdomo? Jana nimekusemesha kutwa nzima. Umekaa kwenye cherehani umenipa mgongo. Hata chakula hukugusa."

Kwenye kikapu cha cherehani alikuta nguo ya mtoto mchanga, nyeupe, imeshonwa kwa mshono mwembamba kuliko wake. Kitambaa kilikuwa cha mteja aliyetaka shati. Aliigeuza mbele na nyuma. Haikuwa na tundu la shingo.

Juma lililofuata bibi alirudi. "Na pesa yangu, fundi?" Fundi, pini mdomoni, akasema atampa kesho. Kesho yake ikapita bila yeye. Ikawa hivyo tena, na tena. Siku tano zilimtoka namna hiyo ndani ya miezi miwili, na kila mara aliamka vidole vikimuuma kama mtu aliyeshona kutwa. Nguo zikawa tano. Hakuna iliyokuwa na tundu la shingo, na zote zilikuwa zimekula vitambaa vya watu, kwa hiyo madeni nayo yakaongezeka. Alizifungia kwenye sanduku la bati na ufunguo akauvaa shingoni. Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani jambo kama hilo bila kuonekana umechanganyikiwa?

Siku moja alimwona bibi kwa mbali akajificha nyuma ya pazia. "Mwambie kesho," alimnong'oneza mkewe. Mkewe akatoka na tumbo lake lililoanza kuonekana, akazungumza kidogo, akarudi. Fundi alilala kwa woga. Lakini kesho yake ilikuwa kesho, akaamka ndani yake mzima, akadhani bibi kamsamehe.

Dada yake mkubwa ndiye aliyekuja kumshika. Alikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwanamke wa maneno machache na yote makali. Wifi yake alikuwa amempigia simu akilia. Aliingia, akasukuma vitambaa pembeni, akaweka daftari mezani.

"Andika unaodaiwa nao. Wote."

"Dada, wengine siwakumbuki."

"Wao wanakukumbuka. Andika."

Walitoka kumi na mmoja. Fundi akasita, kisha akaandika wa kumi na mbili: Bibi Polepole. Dada alijumlisha mara mbili, kisha akaanza kupanga. Mashine yake ya pili, ya kutarizi, iuzwe wiki hiyohiyo. Mikopo ya simu imalizwe kwanza kwa sababu ndiyo yenye riba ya kinyama, na simu isikope tena. Wengine wote waendewe kwa miguu, mmoja mmoja, waambiwe kiasi kinachowezekana, hata kama ni cha aibu.

"Na hilo neno lako la kesho ulifute mdomoni," alisema. "Mtu akikuuliza lini, taja siku na tarehe. Hujui, sema sijui."

Walimpokea vibaya. Mwenye nyumba alimcheka mbele ya wapangaji wengine. Muuza vitambaa alimvua utepe wa kupimia shingoni akautupa barabarani, akamwambia akauokote. Mteja mmoja alimtemea mate kwenye kiatu. Lakini alitaja tarehe, na tarehe ilipofika alienda na pesa, kidogo, ileile aliyosema. Mwezi wa pili muuza vitambaa alimkaribisha kiti, ingawa bado hakumsalimu.

Bibi naye alikuja. "Lini, fundi?"

Neno lilimpanda mpaka kwenye meno. Akaling'ata. "Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa nne. Nitakupa robo."

Bibi alimsogelea. "Nani kakufundisha kusema hivyo?"

Fundi aliinamia cherehani yake. Usiku huo alilala, akaamka siku iliyofuata, na hapo ndipo alipoelewa kilichokuwa kikimla: lile neno lake. Alikaa kitandani akihesabu siku za wiki kwa vidole. Siku zake zilikuwa zimerudi kwake.

Miezi sita alilipa. Dada alikuja kila mwisho wa mwezi kukagua daftari. Kalamu ilimwishia siku ya kwanza, akachukua chaki ya buluu ya kuchorea vitambaa na kuweka tiki kwa aliyelipwa, na toka hapo ikawa desturi. Tiki zikafika kumi na moja. Mkewe fundi alikuwa mzito, amebakiza siku chache kujifungua. Fundi alikuwa amekonda, lakini alikuwa akishinda barazani bila kutazama barabarani.

Jumamosi ya mwisho, saa nne, bibi alifika. Dada alikuwepo. Fundi akahesabu kilichobaki akakiweka mkononi mwake, na dada akasogeza daftari na kuishika chaki.

Bibi aliichukua chaki ile taratibu kutoka vidoleni mwa dada. Hakuandika. Akaifunga kwenye pindo la nguo yake.

"Pesa imekwisha," alisema. "Imebaki ile ya mkeo. Tiki nitaweka mwenyewe nikishapokea."

"Mke wangu hakukukopa."

"Hakunikopa. Aliniahidi."

Akaondoka. Safari hii hakwenda polepole.

Fundi aliingia ndani mbio. Mkewe alikuwa ameketi kitandani akikunja nepi.

"Siku ile nilipojificha," alimwuliza kwa sauti ya chini. "Ulimwambia nini?"

"Ulichonituma. Nikamwambia atapata kesho." Mkewe alifikiri. "Akaniuliza, kesho yake au yako?"

"Ukamjibuje?"

"Nilikuwa na haraka, nimeacha jiko linawaka." Aliweka mkono juu ya tumbo. "Nikamwambia yetu."

Dada, mlangoni, alilisikia. Mwanamke yule ambaye hakuwahi kukosea hesabu alikaa chini sakafuni.

Waliamua kutolala. Dada alikaa nao mpaka jua likachwa, akarudi kwake kufunga watoto wake ndani, akaahidi kuwa hapo alfajiri. Fundi aliwasha taa zote. Alimshika mkewe mkono. Waliongea. Walitaja tarehe ya leo kwa sauti, wakairudia. Kisha mkewe akasema mgongo unamuuma. Fundi akasema twende hospitali. Akainuka kuchukua viatu.

Ilikuwa asubuhi.

Alikuwa amelala, viatu miguuni. Mkewe alikuwa upande wa pili, macho wazi, anatazama dari. Tumbo lilikuwa tupu. Katikati yao kulikuwa na mtoto, wa kike, mzima, amelala kwa utulivu.

Kwenye kiti kulikuwa na karatasi ya hospitali. Tarehe ilikuwa ya jana.

Mkewe hakukumbuka uchungu. Hakukumbuka kilio cha kwanza. Miaka saba alikuwa ameingoja siku ile, na hakuwa nayo. Alimkumbatia mtoto akalia bila sauti, na fundi akalia naye.

Dada alifika akihema. "Jana nimegonga hapa kutwa," alinong'ona. "Kumefungwa."

Yeye ndiye aliyekwenda hospitali kuuliza. Mkunga aliwakumbuka vizuri. Watu watulivu kupita kawaida, alisema. Mama hakuguna, baba hakuuliza kitu, wote wawili walikaa wamempa kila mtu mgongo. Bibi yao ndiye aliyempokea mtoto mikononi na kumvalisha. Aliwasifu sana. Alisema hawa ni watu wanaolipa.

Dada aliporudi na habari hizo, fundi aliitazama nguo aliyovaa mtoto. Ilikuwa nyeupe, ya mshono mwembamba. Shingo yake ilikuwa imekatwa kwa mkasi, mkato mbichi usio na pindo. Alishika ufunguo uliokuwa bado unaning'inia kifuani pake, akafungua sanduku la bati. Zilibaki nne.

Dada akafungua daftari kwenye mstari wa kumi na mbili. Hapakuwa na tiki. Alilifunga, akalifungua tena. Kisha mkewe fundi, aliyekuwa akimvua mtoto ile nguo, akaacha ghafla, akamlaza kifudifudi na kuwaita kwa mkono.

Ilikuwa kisogoni, chini kidogo ya nywele. Tiki ndogo, nadhifu, ya chaki ya buluu. Bibi alikuwa ameshapokea.

Mtoto huyo sasa anatembea, na anacheza na wetu. Mama yake humwosha kila asubuhi kwa sabuni, na chaki hutoka kirahisi, hata maji kwenye beseni hubadilika rangi kidogo. Humfuta kwa taulo, humgeuza, na tiki bado ipo.