Alichokitia Mavyaa Wangu Bwawani

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nakaa Malindi na mume wangu Kazungu na mtoto wetu mmoja. Nina la kuungama. Mkinilaani, sitawalaumu.

Kazungu ni mtunza bustani. Nilipopoteza mimba yangu ya kwanza, alinichimbia bwawa dogo mbele ya nyumba akanitilia samaki wa mapambo, wekundu na weupe, nipate cha kuliwaza moyo. Jamani, niliwapenda samaki wale!

Nilipopata mimba ya pili, mavyaa wangu, mamake Kazungu, alikuja kutoka shamba kunisaidia kazi. Sikumtaka. Yeye ni mtu wa maneno machache, na mimi, nisiwafiche, nina mdomo. Kila alilofanya nililiona baya.

Mimba ikiwa ya miezi saba, nilinunua samaki wanne wapya Mtwapa, nikawamimina bwawani papo hapo na wenzao. Haikupita wiki, samaki wakaanza kujisugua kwenye mawe... Wakatoka vidoadoa vyeupe mwili mzima, kama walionyunyiziwa unga wa sima. Wakapanda juu, midomo wazi, wakitweta. Asubuhi moja nikaokota mmoja amekufa. Kesho yake wawili.

Mavyaa aliniambia samaki wana maradhi, na kwamba zamani, alipokuwa akifanya kazi za nyumbani kwa tajiri mmoja, aliwahi kuona ya namna hiyo. Nilimkatiza! Nikamwambia ya samaki aniachie mimi, yeye ashughulike na sufuria zake. Akarudi jikoni. Laiti ningemwacha amalize!

Lakini mimi moyoni nilikuwa na jingine. Jirani alishanijaza maneno: mbona mimba ya kwanza ilitoka wiki ile mavyaa alipokuja kunitembelea? Mbona sasa kila kilicho hai kwangu kinakufa? Nikawa silali vizuri. Wakiisha samaki, atafuata nani? Si mtoto wangu?

Alfajiri moja nilichungulia dirishani. Nikamwona mavyaa ameinama bwawani, leso kichwani, achota kitu cheupe kikapuni, atia majini, na midomo yake inacheza. Sikumwita. Sikumuuliza. Nilishika simu nikamrekodi, nikaituma video kwenye kundi la familia na maneno haya: "Adui yumo ndani. Nisaidieni."

Kufika adhuhuri ilishakwenda nisikokujua. Vijana wa ukoo wakaja na marungu... Nyinyi wa pwani hii mnajua neno mchawi linamfanya nini mzee mwenye mvi. Kazungu alisimama mlangoni kuwazuia, analia, huku mamake akitokea mlango wa nyuma. Hakunitukana. Alinigeukia akaniambia bado konzi mbili, akaenda zake kwa kaka yake, kijijini Junju. Nami nikadhani ananiapiza!

Siku ya pili Kazungu, ambaye alikuwa hasemi nami, alimleta afisa wa uvuvi. Yule bwana alimtoa samaki mmoja, akamtazama ngozi, akamfunua matamvua, akapima maji. Akasema ni vidudu, vimeingia na wale samaki wapya. Walitakiwa wakae peke yao kwenye beseni wiki kadhaa kwanza. Na dawa? Chumvi ya mawe, itiwe kidogo kidogo, kwa kipimo, siku baada ya siku. Kisha akauliza ni nani aliyeanza kuwatibu, maana alijua alifanyalo. Samaki walikuwa karibu kupona.

Midomo ile iliyokuwa ikicheza... alikuwa akihesabu konzi za chumvi, mkono mmoja mmoja! Na zile mbili alizonitajia ndizo zilizokuwa zimebaki kutiwa. Nilikaa chini pale pale kwenye majani.

Kazungu alikwenda Junju siku ile ile. Video ilikuwa imemtangulia mama. Watu wa huko walikwishachoma kibanda alicholala, na aliponea kwa kuwa alitoka kuchota maji. Siku hizi anaishi chumba cha uani kwenye kanisa moja, mbali na wanaomjua. Mimi nimeifuta video. Wapi! Juzi tu nimeletewa na mtu nisiyemjua, akiniambia nijihadhari na bibi huyo.

Samaki waliobaki walipona, lakini siwezi kuwatazama. Wakipanda kula, wakifungua na kufumba midomo, namwona yeye. Hata jikoni nikitia chumvi kwenye mchuzi nasikia mtu anahesabu nyuma yangu. Nageuka... hakuna mtu.

Mwanangu alipofika miezi mitatu nilimpeleka kwa bibi yake. Nilipiga magoti nikalia. Aliniinua, akasema yamekwisha, akataka kujua samaki wangapi walipona. Nikamnyooshea mtoto ampakate. Akaficha mikono ndani ya leso.

"Simshiki, mwanangu," akasema. "Kesho akipata homa, watasema ni mimi."

Wenzangu, nawasihi, msipite njia niliyopita! Ukimwona mzee anafanya usilolielewa, weka simu chini, toka nje, umuulize: "Mama, watia nini?" Ni maneno matatu tu. Mimi yalinishinda, na mtoto wangu anakua bila kuijua mikono ya bibi yake.