Ubovu Umevaa Kanga

Siku ya soko mjini Moshi, mwaka 1954, gari dogo la kijani lilijipenyeza kati ya mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa. Chini ya boneti kulikuwa na mgongano wa chuma, ko-ko-ko, mpaka wanawake wakavuta vikapu vyao pembeni. Mikidadi, fundi wa gereji ya Badrudin, alikuwa akinywa chai mlangoni pa duka la vipuri. Aligeuka kwa hasira.

"Nani huyo anayeliua gari la watu?"

Mlango ukafunguliwa. Akashuka mwanamke mwembamba, mrefu, gauni la maua limemkaa vizuri kiunoni, kanga nyekundu begani, viatu vimejaa vumbi la Himo.

"La watu gani?" aliuliza. "Gari hili ni langu. Aliniachia marehemu baba, na kuliendesha alinifundisha yeye mwenyewe. Una swali jingine?"

Mikidadi alikuwa nalo, ila lilimtoka akilini. "Unaitwa nani, bibie?"

"Amne. Sasa weka chini hicho kikombe, usikilize."

Mikidadi alifungua boneti, akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni. Amne alimwona fundi amefumba macho, vidole vyake vyeusi vya grisi vimetulia kama vya mtu anayempima mgonjwa. Hasira ya Amne ilipungua kidogo.

"Beringi za injini zimelika," alisema Mikidadi. "Niachie."

Amne alikuwa akibeba abiria kati ya Moshi, Himo na Marangu, na mkate wa mama yake ulitoka humo. Kwa hiyo, gari lilipokuwa limefunguliwa, alikuja gereji kila mara kuhimiza. Baadaye alikuja hata pasipo cha kuhimiza. Beringi zikabadilishwa, tangi likajazwa mafuta hapo mjini, na gari likaondoka kimya. Jioni hiyo Amne alipiga simu gereji kutoka duka la Dhirendra, pale njia panda ya Himo. Duka lilijaa watu, akachagua maneno.

"Fundi, injini imefika salama."

"Inaniulizia?"

"Sana. Inasema imezoea mkono wako."

"Iambie imenikosesha usingizi, mpenzi wangu."

Amne alijifunika uso kwa kanga ili Dhirendra asimwone akicheka.

Furaha haikudumu. Katika mlima wa Marangu, akiwa amejaza abiria, mgongano ulirudi. Siku iliyofuata ukazidi. Dominika, mama muuza ndizi aliyekuwa mteja wake wa tangu enzi za baba, alishika mlango kwa mikono miwili.

"Mae! Amne, mwanangu, gari litatuua hili!"

Wengine walianza kupanda magari mengine. Theodory, aliyeuza petroli kutoka kwenye mapipa pale Himo, akamfuata dirishani kwa sauti ya huruma. "Dada, kazi hii ni ya wanaume. Niuzie mimi, upumzike."

Amne alikwenda moja kwa moja kwenye simu. Mikidadi alimsikiliza, akamwambia angoje aulize wenzake, akaweka mkono wa simu mezani. Alisahau kuwa simu ina masikio. Amne alisikia madereva wakiuliza kuna nini, kisha sauti ile ile iliyomwita mpenzi ikajibu:

"Gari zima kabisa, nimelifungua mwenyewe. Ubovu umevaa kanga!"

Kicheko kikajaa gereji. Mikidadi aliporudi kwenye simu, mstari ulikuwa umekatika.

Alipiga tena, na tena. Kila mara Dhirendra alijibu, "Bibi anasema hayupo." Basi akapanda lori tupu la kahawa hadi Himo. Amne alikuwa akifuta vioo.

"Mpenzi—"

"Mpenzi wa nani? Niite dereva."

"Nimekosa. Nilitaka kuwachekesha."

"Umewachekesha! Mkate wangu na jina la baba yangu, wewe umevifanya kichekesho. Ulishawahi kukaa ndani ya gari nikiliendesha? Hata mara moja?"

Mikidadi akatikisa kichwa. Hakuwahi.

"Panda!"

Walipanda mlima wakiwa na Dominika na wenzake nyuma. Mikidadi alitazama miguu na mikono ya Amne. Amne alibadili gia mapema, laini, injini haikuchoshwa hata kidogo. Lakini palipoinuka, ko-ko-ko! Mikidadi aliinama kusikiliza upya. Mlio ulikuwa mwepesi, mkali, wa juu. Haukutoka kwenye beringi.

"Simamisha," alisema. "Amne, si mkono wako. Na mimi nilikosea tangu siku ya kwanza. Lini halikugonga?"

"Nilipojaza mafuta Moshi. Huku najaza kwa Theodory."

"Basi ni mafuta. Petroli iliyochanganywa huigongesha injini mlimani." Mikidadi alichovya leso yake nyeupe kwenye tangi, akaitandaza juu ya boneti ya moto. Petroli safi ingekauka bila alama. Leso ilibaki na doa zito la mafuta, na Dominika alipoinusa akapiga kelele: "Hii ni taa ya kwangu jikoni!"

Waligeuza gari. Pale Himo, Amne alimtupia Theodory leso kifuani.

"Unatuuzia mafuta ya taa, unatuharibia injini mlimani na roho za watu zimo ndani, halafu unataka kulinunua gari langu kwa huruma?"

Theodory aliapa, akageuka akaona madereva wengine wakisogea, kila mmoja na mgongano wake anaoukumbuka. Akakimbilia ndani, akafunga mlango, nao wakaanza kupindua mapipa.

"Huyo ni mwizi," Amne alisema, akimgeukia Mikidadi. "Wewe je?"

"Nipeleke Moshi."

Gereji ilikuwa imejaa. Mikidadi alisimama juu ya kreti, mbele ya wale wale waliocheka.

"Nilisema ubovu umevaa kanga. Nilisema uongo. Huyu anaendesha kuliko ninyi nyote, na mimi ndiye sikusikia vizuri. Anayetaka kucheka leo, anicheke mimi."

Hakuna aliyecheka. Akashuka, akamsogelea Amne.

"Nilitaka kukuoa kabla sijakukosea. Bado nataka. Ila najua umekasirika."

"Nimekasirika sana," Amne alisema, machozi yakimlenga. "Nitakasirika leo, na kesho, na pengine mpaka mvua za masika."

"Basi nisubiri?"

"Nimesema nimekasirika, Mikidadi. Nani amekwambia sikutaki? Nawa mikono, uje ukamwamkie mama."