Injini Ikiwa Baridi

Kila siku Amondi aliamka saa kumi na moja na nusu, wakati baridi ya mtaa wa Kimumu bado ina meno. Aliwasha gesi, akabandika uji, akamjazia mama yake chupa ya chai, kisha akafagia ua. Mama yake, Christabel, alikuwa muuguzi, na zamu yake ilianza saa moja. Amondi alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko gredi ya sita, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwita ofisini kwa kosa lolote.

Jumamosi hiyo, mama alipotoka na lango kufungwa, Amondi hakushika ufagio. Alitoa ufunguo mfukoni mwa sweta, akalitazama gari lililofunikwa turubai kando ya nyumba.

Gari hilo lilikuwa la mjomba wake, Marvin, ndugu mdogo wa mama yake, ambaye waliishi naye. Lilikuwa gari la michezo kutoka Japani, la mwaka wa tisini na saba, rangi ya buluu, fupi hata mtu mzima aliingia kwa kuinama. Marvin alitaka kuliuza kwa shilingi milioni moja na laki sita. Majirani walicheka. Kwa pesa hizo, walisema, si utapata gari la juzi juzi, familia nzima iingie na gunia la viazi juu?

Marvin alikuwa na jibu lake. "Serikali hairuhusu gari lililopita miaka minane kuingizwa nchini. Haya ya zamani yaliyobaki ndiyo hayo tu, hakuna mengine yanayokuja. Anayeitaka atatoa."

Na kweli alikuwa na hoja. Ila kulikuwa na jambo ambalo hakulisema. Gari hilo likilala usiku kucha, ukiliwasha asubuhi injini iligonga ko-ko-ko kama mtu anayebisha mlango wa bati, na moshi wa buluu ukatanda uani. Baada ya robo saa, injini ikishapata moto, kelele zilikwisha na moshi ukapotea kabisa.

Sasa, mnunuzi yeyote mwerevu hutaka kuliona gari asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi. Marvin alilijua hilo, akapanga mambo yake. Yeye angemwendea mnunuzi mapema, wanywe chai pamoja, ili mnunuzi ajionee kwamba mwenye gari hakuwa nyumbani. Huku nyuma, Amondi angewasha gari dakika ishirini, alizime, aimwagie boneti maji baridi, aipanguse ikauke, halafu alifunike turubai.

"Ukiulizwa, sema halijawashwa tangu jana," alimwagiza. "Ni hivyo tu. Jumatatu nisipolipia kile kiwanja ninachotaka kufungulia gereji yangu, kinapewa mtu mwingine."

Amondi alimpenda mjomba wake. Alipougua kichomi akiwa gredi ya pili, ni Marvin aliyembeba mgongoni hadi hospitali. Basi akafanya alivyoagizwa. Gari liligonga, likatoa moshi, likatulia. Akalizima, akamwaga maji, akapangusa, akafunika. Kisha akasikia lango likifunguliwa.

Mnunuzi aliyeingia na Marvin alikuwa Zakaria, mwenye duka la pale kona, baba yake Habiba.

Habiba aliketi na Amondi dawati moja. Jana tu, wakitoka shuleni, Habiba alikuwa amemwambia kwamba baba yake ameuza pikapu ya kupelekea wateja bidhaa, hasemi anataka kununua nini, na mama yake amemnunia siku ya tatu sasa.

Zakaria hakumwona Amondi mara moja. Alikuwa na macho ya gari peke yake. Turubai lilipotolewa alilizunguka polepole, akapitisha kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi.

"Nilipokuwa kijana, nilikuwa utingo wa lori," alisema. "Gari kama hii ilitupita kwenye mteremko. Miaka ishirini na tano, bado nasikia ile sauti." Ndipo akageuka. "Amondi, hujambo mwanangu? Niambie wewe. Hii gari imewashwa leo?"

Marvin alitazama kando.

"Hapana, Baba Habiba," Amondi akajibu. "Haijawashwa tangu jana."

Zakaria akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hakutaka hata kufungua boneti. Neno la Amondi lilimtosha, na hapo ndipo Amondi alipojisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yake. Marvin aliwasha gari. Likanguruma vizuri, bila kugonga hata mara moja.

"Ni ghali," Zakaria alisema, akitoa simu. "Lakini injini ya miaka hii yote, na inaamka hivi kwenye baridi? Inastahili pesa yake. Acha nikutumie laki tano za kwanza kutoka benki, zingine Jumatatu."

Alianza kubonyeza simu. Amondi alitazama kile kidole kikipanda na kushuka. Alijiambia ni mambo ya watu wazima. Alijiambia pia gari si lake. Wapi, moyo haukusikia.

"Baba Habiba, imewashwa," alisema. "Mimi ndiye niliyeiwasha. Nimeimwagia maji hapo juu."

"Huyu mtoto ameamka vibaya," Marvin akasema haraka.

Zakaria alifungua boneti mwenyewe, na joto la injini likampiga usoni. Akaifunga. Akarudisha simu mfukoni. Amondi alitamani mmoja wao amgombeze yaishe.

"Zima gari," Zakaria alisema hatimaye. "Tutaingoja ipoe. Nitarudi baada ya swala ya adhuhuri niisikie. Leta ufunguo."

Marvin akampa, akidhani ataondoka nao. Zakaria akauweka mkononi mwa Amondi.

"Utakaa na wewe," alisema, akaenda zake.

Zilikuwa saa tano ndefu za kungoja. Amondi aliketi kwenye ngazi ya jikoni, ufunguo ameufumbata. Mwanzo Marvin alizunguka ua. Saa nne akaja akachuchumaa mbele yake.

"Amondi, dakika ishirini tu. Tuiwashe saa sita, maji kidogo, hakuna atakayejua."

"Anko, ameniachia mimi."

"Na mimi nilikubeba kwa mgongo, sikukwambia uzito wako. Kiwanja kikienda, ndiyo basi tena. Unataka nibaki fundi wa kuajiriwa mpaka lini?"

Machozi yalimlengalenga Amondi. Kila neno la mjomba lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililouma. "Wameuza pikapu, Anko," alisema. "Mama yake Habiba hasemi na baba yake. Injini ikiharibika, watawapelekea wateja unga kwa gari gani?"

Marvin alinyoosha mkono. Angeweza kuupokonya ule ufunguo, maana alikuwa na nguvu zake. Mkono ulikaa hewani, kisha akaurudisha magotini. Akaenda kuketi kando ya gari, akampa mgongo.

Saa saba kasorobo Zakaria alirudi. Akaweka kiganja ndani ya boneti, juu ya chuma chenyewe. Ilikuwa imepoa. Amondi akampa ufunguo.

Ko-ko-ko-ko. Moshi wa buluu ukapanda, ukawafunika wote watatu. Zakaria alisikiliza hadi mwisho, uso haubadiliki.

"Ni bearingi na ringi za ndani ya injini, zimelika," Marvin alisema kwa sauti ya chini. "Niliendesha bila oili ya kutosha, makosa ni yangu. Kuifungua injini na kuitengeneza ni kama laki nne. Nilijua, Mzee. Nisamehe."

"Umesema sasa," Zakaria alijibu. "Kesho asubuhi nitakuja na Mama Habiba aisikie ikiwa hivi hivi. Mimi pia nilimficha. Niliuza pikapu bila kumwambia."

Mama Habiba alikuja Jumapili alfajiri, akasikiliza ile kelele hadi mwisho, mikono kiunoni. Walikubaliana milioni moja na laki moja, Marvin alitengeneze mwenyewe kwa gharama yake, Zakaria akiona kila kipuri kikiingia, na pesa iliyookolewa isaidie kununua pikapu nyingine. Marvin alipata ya kulipia kiwanja, ingawa mabati ya gereji yangengoja. Christabel, aliyekwisha kusikia kila kitu, alimwambia ndugu yake mbele ya wageni kwamba asimtume tena mtoto wake kazi ya namna ile, na Marvin akainamisha kichwa.

Wakati wa kuondoka, Amondi alimfuata Zakaria langoni.

"Baba Habiba, nilikuwa nimekudanganya. Mbona ukaniachia mimi ufunguo?"

Zakaria alisimama. "Gari kuukuu kuuzwa bei ya juu si dhambi, mwanangu. Mtu akipenda kitu, ni haki yake kukilipia. Lakini lazima akijue kwanza, na ugonjwa wake. Mjomba wako alikuwa anauza sauti nzuri ambayo gari haina. Na wewe ulimsaidia."

"Ndiyo," Amondi akasema, macho chini.

"Ukweli wako ulikuja umechelewa, na ulikuja mbele ya mtu unayempenda na kumheshimu. Hiyo ni kazi ngumu, hata watu wazima wengi inawashinda. Uongo ulikuuma ukashindwa kuumeza. Mtu ambaye uongo haumuumi, huyo siwezi kumwachia ufunguo." Alimshika bega. "Siku nyingine usingoje mpaka nitoe simu. Sema mapema."

"Nitasema, Baba Habiba."

"Haya. Nenda ukamwambie Habiba mwenyewe. Bado hajasikia kutoka kwako."

Amondi alitoka langoni, akaelekea dukani.