Maksai Mmoja Havuti Plau

Asubuhi ile Lusia alikuwa uani kwake, kijijini Samuye, akipepeta mbegu za mahindi. Mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameanza kujikusanya. Mara akasikia sauti zizini. Alipoinua macho alimwona Maulidi, mchuuzi wa ng'ombe, amemfungua maksai wao mdomo anamtazama meno. Mumewe, Ndaki, alikuwa amesimama pembeni.

"Baba Limi, huyo maksai anaumwa?"

"Haumwi. Namuuza," Ndaki alijibu bila kumtazama. "Limi anapokea komunyo ya kwanza mwezi huu. Tunahitaji turubai, muziki na keki."

Lusia akaweka ungo chini. Hasira ilimpanda. Maksai walikuwa wawili tu, na wote wawili ndio waliovuta plau. Kwa jasho lao familia ilikula na watoto wakasoma. Leo mwanamume huyu anauza mmoja, mvua ikiwa mlangoni, wala hakumwuliza mke wake!

"Na mwenzake atalima na nani? Na wewe?"

Maulidi akacheka. Alipouona uso wa Lusia, akaacha kucheka.

"Kaka yangu Mwigulu kule Geita alifanya sherehe mtaa mzima ukatikisika," Ndaki alisema. "Sisi tukikaa kimya, watu watatuonaje?"

"Watu! Watu hao watakuja, watakula, wataondoka wakisema nyama ilikuwa ngumu! Tukilala njaa, nani kati yao ataleta hata debe moja la mahindi?"

Maulidi aliaga, akasema atarudi kesho na pesa. Lusia hakuingoja hiyo kesho. Alijitanda khanga akaenda moja kwa moja kwa Asteria, mama mtu mzima anayeongoza jumuiya yao ya kanisa na kuwafundisha wanawake kuweka akiba. Wakarudi pamoja.

"Shikamoo, mayu," Ndaki alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. Alijua kilichomleta.

"Marahaba. Ndaki, kaka yako alipata wapi pesa za ile sherehe?"

Ndaki akakuna kichwa. "Aliuza karasha yake, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu."

"Na sasa anafanya kazi gani?"

"Anabeba viroba vya mawe kwenye karasha za wenzake."

"Hee!" Lusia alifoka. "Ulijua yote hayo, na bado ukataka kumfuata?"

Asteria alimshika mkono atulie, lakini naye sauti ilikuwa imempanda. "Katekista amemfundisha Limi miaka miwili. Wapi amemwambia kwamba Yesu anasubiri keki? Sikiliza, mwanangu. Pesa ya nyumba ipangeni wote wawili kabla haijatoka. Anzeni na chakula na mbegu. Halafu shule na matibabu. Sadaka toeni, na akiba wekeni hata kama ni kidogo. Sherehe ipewe kinachobaki. Lakini chombo cha kazi hakiuzwi kwa ajili ya siku moja!"

"Niliona aibu, mayu."

"Aibu ni mtoto kwenda shule na njaa," Lusia alisema.

Kesho yake Maulidi alikuja na pesa mkononi. Ndaki alimwomba radhi, akamrudisha nazo. Kisha yeye na Lusia wakakaa kupanga.

Siku ya komunyo Limi alivaa gauni jeupe la kuazima. Baada ya misa walikula wali na kuku pamoja na Asteria. Limi aliimba mpaka sauti ikamkauka. Jumanne iliyofuata mvua ikanyesha, na maksai wote wawili wakaingia shambani. Mwezi wa sita ghala lilijaa. Waliweka chakula cha mwaka, wakauza ziada, wakaweka akiba.

Mwaka uliofuata, kwenye jumuiya, baba mmoja aitwaye Edson alitangaza kwamba anauza maksai wake kwa ajili ya sherehe ya kipaimara cha mwanawe. Asteria alifungua mdomo kujibu. Ndaki alikuwa ameshasimama. Alifoka kwa uchungu kwamba chombo cha kazi hakiuzwi, mpaka Lusia akamvuta shati akae. Hakukaa.