Mstari wa Goli wa Albion

Jumamosi ile ya Juni 2017 nilibakiwa na kazi moja tu: kupeleka jezi. Nilikuwa nimezishona mwenyewe chumbani kwetu, mtaa wa Bertrams, za kijani, namba nyeupe mgongoni. Mume wangu Lambert alikuwa kapteni wa timu ya vijana wa Lubumbashi. Golikipa alikuwa Pitchou, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekuja Johannesburg kunifuata mimi. Kesho yake walikuwa na mechi, na jioni hiyo walikuwa mazoezini Albion.

Albion ni uwanja wa zamani, upande wa Jeppestown, karibu na reli. Waingereza wa migodi ya dhahabu waliujenga enzi za Malkia Viktoria. Jukwaa lake la mbao limesimama juu ya nguzo za chuma zilizokuja kwa meli, na kila nguzo ina mwaka 1893. Wenyewe wameshaondoka. Paa limetoboka, mabenchi yamegeuzwa kuni. Sisi wageni tuliupenda kwa sababu hakuna aliyetufukuza pale.

Getini nilimkuta mama Valeria akifunga spaza yake, kiduka cha mtaani. Ni Mtanzania wa Morogoro. Marehemu mumewe, Thabo, alikuwa mkimbizi wa siasa huko. Waliporudi kwao Afrika Kusini, Thabo akapewa kazi ya kuutunza uwanja, kazi aliyoifanya babu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Shekinah. Vijana wako bado ndani?"

"Wapo. Wanajiandaa na kesho."

"Waambie watoke." Hakuwa anatania. "Chokaa ya mistari ikishafifia machoni, pale golini hapakaliki."

Nikaitikia tu, kama unavyomwitikia mtu mzima, nikapita.

Baridi ya Juni ilikuwa inauma. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghala, mbingu nyekundu, nyasi nyeusi. Walikuwa wanapiga penalti kwenye goli la upande wa reli, wachezaji watano, na Pitchou langoni na glovu zake kubwa.

"Yaya!" akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. "Umeleta yangu?"

"Nimeleta. Malizeni twende."

"Moja ya mwisho," Lambert akasema.

Hapo ndipo niliposikia harufu. Tumbaku ya kiko... jasho la farasi... chokaa mbichi. Nikageuka kuangalia inatoka wapi.

Kando ya mlingoti wa goli alisimama mtu.

Koti refu jeusi. Sharubu nene. Uso sikuuona vizuri, giza lilikuwa limeushika. Nikadhani ni refa wa kesho, amekuja kukagua.

Lambert akapiga. Mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda kwenye mstari, ukatoka nje. Vijana wakaanza kubishana huku wanacheka. Goli! Si goli! Yule mtu akainama kwa Pitchou, akamuuliza kwa sauti ya chini sana. Mimi niliisikia kwa Kiswahili cha kwetu Lubumbashi.

"Wewe ulikuwa karibu. Mpira umevuka?"

Pitchou akacheka. "Haukuvuka, papa."

Filimbi ikalia.

Vicheko vikakatika vyote kwa pamoja.

Lambert alikuwa wa kwanza. Alikimbia kama anavyokimbia kupiga penalti, akampiga Pitchou teke la tumbo. Pitchou akakunjika. Wa pili akampiga mbavuni, nikasikia mfupa ukivunjika, kama kuni kavu. Hawakutukana. Hawakupiga kelele. Walikuwa wanahema tu, na viatu vya njumu vikitua kwenye nyama... pu... pu... pu...

Walikuwa wanapasiana.

Mmoja anamsukuma kwa teke, mwingine anampokea kwa teke. Kichwa chake kikawa kinayumba. Jino likanirukia kwenye sketi.

"Lambert! Ni Pitchou! Lambert!"

Nilimpiga kwa mfuko wa jezi. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake. Akanisogeza pembeni kama mtu anayesogeza pazia. Macho yake yalikuwa wazi, na mimi sikuwemo ndani yake.

"Yaya..." Pitchou alisema mara moja. Kiatu kikatua mdomoni mwake.

Nikahisi koti baridi begani mwangu. Harufu ya kiko.

"Na wewe, mama? Umevuka?"

Nilitaka kusema umevuka. Mungu anajua, ningesema lolote wamwache. Lakini nilikuwa nimeona jibu lilivyomfanya mdogo wangu. Nikajaza ngumi mdomoni, nikauma.

Walimpeleka kwa mateke hivyo hivyo, wakimbiringisha, mpaka mwili wake wote ukapita mstari wa goli.

Hapo wakasimama.

Wawili wakainua mikono juu, wanashangilia.

Mama Valeria akaja mbio na tochi. Mwanga ulipowagonga usoni, vijana wakapepesa macho kama watu walioamshwa. Kando ya goli hapakuwa na mtu. Lambert akatazama viatu vyake. Akamtazama Pitchou. Akaanza kutapika.

"Nani kafanya hivi?" akaniuliza. "Mama Shekinah, nani kafanya hivi?"

Pitchou alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika. Wachezaji wengine walikimbia usiku uleule. Nasikia mmoja yuko Durban. Lambert alikaa pale kwenye nyasi akiwasubiri polisi. Niliwaeleza kila nilichokiona, na yule mtu wa koti pia. Wakaandika dawa za kulevya. Vipimo vya damu havikuonyesha dawa yoyote.

Baada ya mazishi nilimfuata mama Valeria.

"Ulijua," nikamwambia.

Alinikalisha, akaongea kwa kunong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu. Miaka ile ya mwanzo, alisema, palikuwa na fainali ya wachimbaji Waingereza. Nyavu hazikuwepo. Mpira ukadunda mstarini, jioni kama ile, na timu mbili zikagombana. Wakamwita Mzulu aliyepaka chokaa, kwa kuwa alikuwa amesimama karibu. Akajibu. Wale ambao jibu halikuwafurahisha wakampiga mateke mpaka giza, wakamfukia palepale golini. Jina lake hakuna aliyelishika. Wala jibu alilotoa.

"Tangu hapo hali ile imekuwa ikirudi. Wakati wa vita vya Makaburu aliuawa askari. Miaka ya sitini, kijana wa Kireno. Wote wakipigwa na wenzao."

"Kwa hiyo ni yeye anayeuliza? Huyo Mzulu?"

"Watu wanasema hivyo. Thabo alikuwa anakataa." Akaangalia dirishani, upande wa reli. "Alisema aliyepigwa hana haja ya kuuliza, yeye aliona. Wanaouliza ni wale waliompiga. Bado wanataka goli lao."

Lambert alikiri mahakamani, akafungwa. Mwaka mzima sikwenda kumwona. Nilipokwenda, alikuwa amekonda, amekaa kwenye benchi huku miguu ameificha chini.

"Usimlete Shekinah hapa," alisema kabla ya salamu.

"Mtoto anakuulizia kila siku."

"Najua. Usimlete." Akavuta suruali juu kidogo. Vifundo vya miguu vilikuwa vimefungwa pamoja kwa vipande vya shuka.

"Nani amekufunga?"

"Mimi. Kila jua likianza kushuka. Kichwa ni changu, mama Shekinah. Mikono ni yangu." Akaitazama miguu yake. "Huku chini... sijui ni ya nani."

Mwanga wa dirishani ulikuwa unageuka rangi ya kutu. Chini ya benchi kisigino chake kikaanza kugonga sakafu, polepole. Kisha haraka. Uso wake haukutikisika hata kidogo. Askari wa zamu alikuwa anaangalia simu yake.

"Limelegea," Lambert akaninong'oneza, na jasho likaanza kumtoka. "Fundo limelegea."

Huyu ndiye aliyemuua mdogo wangu. Huyu ndiye baba wa mtoto wangu. Ningeweza kusimama nikaondoka.

Nikapiga magoti mbele yake, nikashika ncha zote mbili, nikavuta.

"Zaidi," akasema.

Nikakaza zaidi.